Mpira wa kufulia bila sabuni: nimeupitisha kwenye nguo za shombo hapa Kirumba

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke. Ule mpira wa plastiki wenye punje ndani, unaouzwa kwamba unafua bila sabuni na unakaa nao miaka, nimeutumia kwenye kazi yangu na unafua sawa na maji matupu. Haupungui hapo wala hauzidi. Kale kamfuko ka magnesiamu kanakouzwa kwa kazi hiyohiyo nako, kenye vijipunje vya chuma ndani, kanakaribia hapohapo. Ila nisiishie hapo, maana maji matupu nayo sio kitu kidogo, kuna nguo yanazitakatisha vizuri tu na watu wengi hawajui, na kuna nguo hata ukae na huo mpira mpaka jua lizame hazitakati, na hilo ndo nataka tulielewe vizuri kabla mtu hajatoa elfu thelathini na kitu yake.

Mimi ni dobi. Nafulia watu nguo Kirumba hapa Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni, nina mashine moja ya kupakia juu na mabeseni, na kazi nyingi bado naifanya kwa mkono kwa sababu nguo za Mwaloni mashine peke yake haiziwezi. Wateja wangu ni akina mama wa dagaa, vijana wanaoshusha mizigo kwenye maboti, bodaboda, walimu, wauguzi, na wafanyakazi wa maofisini ambao nguo zao zina jasho na vumbi basi. Kwaiyo ndani ya wiki moja napata kila aina ya uchafu, na bidhaa ya kufulia siwezi kuipima kwa tisheti mbili za nyumbani.

Bidhaa yenyewe inauzwa sana kwenye status za WhatsApp na maduka ya vitu vya nyumbani pale mjini. Jina la kampuni siliweki kwa sababu zinatofautiana majina na rangi tu, ndani ni kilekile. Wangu ni wa kijani, unajaa kiganjani, una miiba laini nje na matundu, ukiutikisa unasikia punje zinagongana ndani, punje nyeupe, za kijivu na nyingine rangi ya udongo. Karatasi yake inasema punje ni za kauri, zinatoa ayoni hasi, yani chembe zenye chaji ya umeme, na mionzi ya infraredi ya mbali, yani mionzi ya joto, zinapunguza ule mvutano wa juu ya maji ili yapenye kwenye kitambaa, zinapandisha pH, yani kipimo cha asidi na alkali, zinalainisha maji, zinaua bakteria, na unafua nao mara 1000. Tena hakuna kusuuza. Kwa mtu anayekaa mlimani Mabatini au Igogo, ambaye kila dumu la lita 20 linapanda ngazi za mawe kichwani, hilo neno la hakuna kusuuza linaingia moyoni moja kwa moja, na ndo maana wanaonunua siwalaumu hata kidogo.

Dada aliyeniuzia alinifanyia na onyesho. Akachukua taulo langu la kazini, akaliweka kwenye beseni la maji safi pamoja na mpira, akachezesha kama dakika tano, maji yakawa na povu jepesi na rangi ya kijivu. Akaniambia, "Dada umeona, uchafu huo unatoka na hata sabuni hatujaweka." Nikamwomba tufanye hivohivo na taulo lingine, beseni lingine, mpira tusiweke. Povu lileile, kijivu kilekile. Taulo lililofuliwa na sabuni ya unga miezi na miezi lina mabaki ya sabuni yamejificha kwenye nyuzi, ukilitia kwenye maji mapya na kulipigapiga lazima litoe povu. Yani nguo zako za zamani ndo zinautangazia mpira biashara. Na hii inaeleza kitu kingine ambacho watu wananiambia, kwamba "mbona mwanzoni ulikuwa unafua vizuri kabisa afu baadae nguo zikaanza kufifia na kunuka?" Mwanzoni ulikuwa unafua na sabuni ya zamani. Ikishaisha kwenye nyuzi unabaki na maji.

Nguo nyeupe zina na jambo lake la ziada. Sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha inayobaki kwenye kitambaa, inashika ile miale ya jua usiyoiona kwa macho na kuirudisha kama mwanga wa bluu, jicho lako linaona nyeupe ya theluji. Hiyo nayo inabaki nguoni baada ya kuacha sabuni, inafifia taratibu. Kwaiyo usihukumu mpira kwa shati lako jeupe wiki ya kwanza.

Jaribio langu nililifanya na shuka jeupe kuukuu. Nililikata vipande sawasawa, kila seti nikaipaka vitu vilevile: mafuta ya dagaa wa kukaanga, oili chafu ya pikipiki, chai ya maziwa, tope la barabarani, na nyingine nikazifutia shingo na kwapa za kijana wangu wa kazi aliyekuwa ametoka kupiga pasi mchana wa jua. Nikaacha vikauke, maana nguo za wateja hazinifikii zikiwa mbichi. Mabeseni yakawa ya maji matupu, ya mpira, ya mfuko wa magnesiamu, ya magadi, na ya sabuni ya unga. Maji yote ya bomba, ya baridi, kuloweka muda mmoja na kufikicha kwa mkono uleule, nguvu ileile kadri binadamu anavyoweza. Halafu nikarudia kwenye mashine, na siku zilizofuata nikawa natia kipande kimoja kimoja kwenye mafungu ya kawaida.

Tope lilitoka kote. Hapo ndo wengi wanapopigwa, kwa sababu wanajaribu mpira na nguo ya mtoto aliyecheza kwenye vumbi, inatoka safi, wanashangilia. Vumbi na tope ni punje zilizokaa kwenye nyuzi, ukipata maji na msuguano zinaachia. Jasho bichi nalo sehemu kubwa ni maji na chumvi, linayeyuka lenyewe. Chai ya maziwa ilibaki kivuli cha rangi ya kahawia kwenye maji, kwenye mpira na kwenye magnesiamu, vivuli vitatu ambavyo nilivianika pamoja na mama mmoja mteja wangu akashindwa kunionyesha kipi ni cha nini. Kwenye sabuni ya unga ilibaki kidogo sana.

Mafuta ya dagaa ndo yalimaliza ubishi. Kipande cha mpira kikiwa kimelowa kinaonekana kimetakata, ukikianika kikakauka unaona duara limerudi, limekaa palepale na pembeni limetanuka kidogo, ukigusa kwa kidole kinateleza, ukinusa dagaa yupo. Cha maji matupu vilevile. Oili chafu sizungumzii, hiyo hata sabuni ya unga peke yake haikuitoa, inataka sabuni ya mche uipake pakavu kabla hujaweka maji, ufikiche, uache kidogo ndo uloweke.

Kwa nini iwe hivyo? Mimi natengeneza sabuni ya maji mwenyewe kwa ajili ya kazi, kwaiyo hiki kitu nakishika kila wiki. Ukinunua slesi na salfoniki, zile malighafi za sabuni ya maji, dukani unanunua kitu ambacho kila chembe yake ina pande mbili, kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mikia inazama kwenye tone la mafuta lililoshika nguo, vichwa vinabaki nje upande wa maji, chembe nyingi zikilizunguka lile tone linaachia kitambaa na kuelea ndani ya maji likiwa limefungwa pande zote. Na linabaki limefungwa, halirudi kwenye nguo. Hili la kutorudi watu hawalifikirii. Ukifua na mpira, uchafu ulioachia kwa msuguano unaogelea huru ndani ya beseni na unajishikiza tena popote, kola ya shati moja inakuwa imegawia nguo zote sita, ndo ule ukijivu unaouona baada ya muda. Sahani iliyoliwa sangara wa kukaanga ukiiosha na maji ya baridi bila sabuni unajua kitakachotokea mkononi, nguo nayo ndo hivyo.

Punje za kauri hazina mkia wala kichwa. Ni udongo uliochomwa. Hazitoi kitu kwenye maji, na ndo maana zinadumu mara 1000, kitu kisichofanya kazi hakiishi. Zile ayoni hasi, maji yoyote yana ayoni hasi na chanya zinazolingana, huwezi ukaongeza za upande mmoja kwenye beseni kwa kutumbukiza kigae. Mionzi ya infraredi ya mbali inatoka kwenye kila kitu chenye joto, mkono wako ukiwa ndani ya beseni unatoa zaidi ya mpira maana una joto kuliko mpira. Wenzetu Marekani walishalipitia hili zamani, mwaka 1999 Tume ya Biashara ya huko, ile FTC, iliibana kampuni ya TradeNet iliyokuwa inauza mipira ya aina hii kwa madai kwamba inafua bila sabuni, na kampuni ikalipa. Ni zaidi ya miaka 25 sasa na maneno yaleyale yamefika Makoroboi hapa mjini yakiwa yametafsiriwa.

Ila tuwe wa haki, kuna aina nyingine yenye umbo la yai au mpira ambayo punje zake zina sabuni kidogo na magadi ndani, zinapungua kila ukifua na inabidi ununue punje mpya. Hizo zinafanya kazi kiasi, kwa sababu hiyo ni sabuni, inatoka polepole tu. Ukiona inaandikwa punje za kujazia, jua ni ya aina hiyo. Ukiona inaandikwa haiishi, ni kigae.

Magnesiamu inabidi nieleze peke yake kwa sababu yenyewe ina ukweli ndani. Chuma cha magnesiamu kikikaa kwenye maji kinatengeneza haidroksaidi ya magnesiamu, kitu kilekile kilicho kwenye zile dawa nyeupe za maji za kutuliza tumbo, na hicho ni alkali. Alkali inasaidia kufua kweli. Tatizo ni kasi. Kwenye maji ya baridi chuma kinajifunika utando na kazi inakwenda taratibu mno. Nina karatasi za kupimia pH ninazotumia kwenye sabuni ya maji, nikachovya kwenye beseni la mfuko wa magnesiamu baada ya kuloweka na kufikicha, rangi ikasogea kidogo tu kutoka kwenye ile ya maji ya bomba, kwenye beseni la mpira haikusogea kabisa, kwenye beseni la magadi kijiko kimoja ikaruka mpaka bluu iliyokolea. Kijiko cha magadi, hela ndogo sana, kinapita mfuko wa maelfu. Na hata hilo la magadi nguo ya mafuta lilipunguza, halikumaliza, kwa sababu alkali bila sabuni inafanya nusu ya kazi.

Sasa shombo. Nguo za Mwaloni ndo kipimo changu cha mwisho na hapa hizi bidhaa zinakwenda upande usio wao kabisa. Harufu ya samaki inatokana na kemikali za kundi la amini zinazotokea samaki anapoanza kuharibika, hizo zenyewe ni za upande wa alkali. Ukitaka kuzinyamazisha unatia asidi, ndimu au siki, inazishika zisiruke hewani, ndo maana mikono iliyopaa samaki bibi zetu waliisugua na ndimu bila kusoma kitabu. Ukiongeza alkali unazifungulia mlango. Kwaiyo mfuko unaojisifu kupandisha pH ukiuweka peke yake kwenye gauni la mama wa dagaa, unaifanya harufu ipande zaidi wakati mafuta ya dagaa, ambayo nayo yanachacha na kunuka, bado yamekaa. Nililoweka aproni ya mteja mmoja na mfuko huo nikaifikicha vizuri, ikiwa bado ina unyevu ilikuwa inanuka kuliko ilivyokuja. Yeye mwenyewe alipoinusa akaniambia, "Mama, hii irudishe kwenye maji." Nikairudisha, na sabuni.

Kuna dai moja ambalo kwa hapa kwetu halina pa kukaa kabisa, lile la kulainisha maji. Maji magumu yana kalisi na magnesiamu nyingi, sabuni inashikana nayo inakuwa utando badala ya povu, na nchi zenye maji hayo kulainisha ni kazi muhimu kweli. Maji ya Ziwa Victoria ni laini kwa asili. Mtu anayetoka mikoa yenye visima vya maji ya chumvi akija Mwanza kitu cha kwanza anachoona ni jinsi sabuni inavyotoa povu haraka na jinsi inavyosumbua kutoka mikononi. Kwaiyo hapa unauziwa dawa ya ugonjwa ambao huna. Mwenye kisima chenye maji mazito, huko Igoma au pembezoni zaidi, anaweza kuwa na shida hiyo, lakini kigae cha kauri hakitamsaidia, magadi yatamsaidia.

Na humohumo kwenye ulaini wa maji yetu ndo kuna akiba ambayo watu wanaitafuta kwenye mpira. Wengi tunaweka sabuni nyingi kupita kiasi. Vipimo vya kwenye paketi mara nyingi vinamfikiria mtu wa kila aina ya maji, sisi tuna maji laini, afu tunamimina kwa mkono mpaka povu lifurike ndo tunaamini nguo inafuliwa, kisha tunasuuza mara nne kutoa povu tulilolitia wenyewe. Mimi nguo za maofisini, za jasho na vumbi, naweka nusu ya kipimo, naloweka muda mrefu zaidi, nasuuza mara mbili. Zinatoka. Mashuka ya mtu anayeoga kabla ya kulala, mapazia yenye vumbi, nguo iliyovaliwa saa chache kwenda msibani, hizo kuna siku nazipitisha kwenye maji matupu na jua la Mwanza linamaliza. Huo ndo ukweli ulio ndani ya uongo wa mpira, kwamba maji na mkono vinafanya kazi kubwa kuliko tunavyovipa heshima.

Kuna Mjerumani mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya Henkel, Herbert Sinner, mwaka 1959 aliliweka hili vizuri mpaka leo wenye kazi ya usafi wanamtumia. Kufua kuna mambo manne: dawa, nguvu ya kusugua, joto na muda. Ukipunguza moja lazima uongeze mengine. Ukitoa dawa yote kama mpira unavyotaka, basi upige nguo sana, au uchemshe maji, au uloweke kutwa. Mpira wenyewe unachangia kwenye nguvu kidogo, ukiwa kwenye mashine unazigonga nguo, lakini mpira wa tenisi nao unagonga. Kwenye beseni haugongi chochote, unaelea. Na wengi wetu tunafua kwenye beseni.

Mteja wangu mmoja, mama wa Kihindi anayekaa mjini miaka yote, alipoona nahangaika na hivi vitu akaniletea kokwa kavu za kahawia wanazoziita ritha, za mti unaoota India na Nepal, akasema mama yake alikuwa anafulia sari. Hizi zinafanya kazi. Maganda yake yana saponini, ambayo nayo ina kichwa na mkia, sabuni iliyotengenezwa na mti. Unazifunga kwenye soksi au kitambaa, unaloweka kwenye maji ya moto kidogo, unakamua, linatoka povu jepesi lenye harufu ya uchachu. Sari na sweta zilitoka laini na rangi haikuguswa, kola za mashati zikatoka wastani, mafuta ya dagaa yakapungua ila hayakuisha, na kitambaa cheupe kikashika umanjano kidogo. Kokwa zilezile unazirudia kufulia mara kadhaa mpaka zinalainika na kuacha kutoa povu. Maji yake usiyaweke, yanaoza. Kama kuna kitu cha kutumia tena na tena ambacho ningemshauri mtu, kwa nguo laini, ni hizi.

Lakini neno asili lisitudanganye sisi wa ziwani. Saponini ni sumu kwa samaki, kuna sehemu nyingi duniani watu wanaponda mimea ya aina hiyo na kuitia kwenye kidimbwi ili samaki waelee. Kwaiyo maji ya ritha nayo hayaendi ziwani. Na hapa kuna habari moja naipenda sana kwa sababu inatuhusu. Ethiopia wana mmea unaoitwa endod, matunda yake akina mama wanafulia nguo toka zamani. Mwaka 1964 daktari mtafiti Mwethiopia, Aklilu Lemma, akiwa Adwa aliona kwamba chini kidogo ya pale wanawake wanapofulia mtoni konokono wamekufa wengi, wale konokono wanaobeba kichocho. Akafuatilia akakuta ni yale maji ya kufulia. Yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes wakapewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 1989. Nikimsikia mtu anasema akina mama wanaofua hawana cha kuwafundisha wanasayansi huwa namsimulia hii.

Kichocho kwetu sio hadithi. Mtu anayeingia ziwani mpaka magotini kufua pale penye majani na maji yaliyotulia anaweka miguu kwa konokono, vijidudu vinatoka kwenye konokono jua likipanda na kuingia mwilini kwa ngozi, huna jeraha wala nini. Niliona tangazo la mpira mmoja likionyesha dada anafua ufukweni, maji mpaka kiunoni, na maandishi kwamba sasa unaweza kufua ziwani bila kuchafua maji kwa sababu hakuna sabuni. Hilo liliniuma kuliko elfu thelathini yangu. Sabuni ni sababu moja tu ya kutofulia ziwani, nyingine ni afya yako na ya mtoto uliyemweka pembeni achezee maji. Chota, panda nayo juu, fulia kwenye beseni, na maji machafu yamwage kwenye ardhi mbali na ufukwe, ile mita 60 kutoka ufukweni ambayo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru maji, wengi tunaijua kwa habari ya kujenga lakini maji ya beseni nayo yanaweza kudhuru. Udongo unachuja sehemu kubwa. Sabuni zenye fosfati zikiingia ziwani zinalisha mwani na magugu maji, na magugu maji tunayajua yanavyofunga maboti hapa.

Kwa hiyo anayetaka kupunguza sabuni kwa sababu ya ziwa, au kwa sababu mtoto wake ngozi inawasha, au kwa sababu ya hela, sababu zake ni nzuri zote na mpira hauzijibu. Punguza kipimo, na ngozi ikiwasha ongeza kusuuza mara moja zaidi. Nunua magadi, kijiko kimoja kwenye beseni la nguo za pamba pamoja na sabuni kidogo, nguo za sufu na hariri usizitie magadi yanazila, na mikono vaa glovu kama una mchubuko. Sabuni ya mche kwa kola, vikwapa na mafuta. Nepi za mtoto, nguo za mgonjwa, na sare za wauguzi, hapo sitaki kusikia habari ya mpira kabisa, zile tunafua na sabuni na maji ya moto, tunaanika juani.

Nimeulizwa kama mpira una kazi nyingine yoyote. Kwenye mashine yangu ninautumia na makoti ya baridi yenye manyoya ndani, unayapigapiga yasishikane mabonge. Hiyo kazi unaifanya vizuri. Ungeuzwa kwa hiyo, elfu tatu, ningewaambia nunueni.

Na kwa wenzangu wa dagaa wanaoniuliza kila siku ya shombo, mimi nafanya hivi na hamna siri: suuza kwanza na maji ya baridi utoe magamba na damu, maji ya moto mwanzoni yanaigandisha damu nguoni. Kisha sabuni ya mche kwenye sehemu zenye mafuta, fikicha, loweka na sabuni ya unga kama saa moja. Fikicha tena, mwaga maji yote. Suuza mara ya kwanza. Maji ya mwisho ya kusuuza weka ndimu mbili au kikombe kidogo cha siki kwa ndoo, acha nguo humo kama robo saa, kamua bila kusuuza tena, anika juani ukiwa umeigeuza ndani nje. Siki na jiki msivichanganye kamwe, vikikutana vinatoa gesi ya klorini inayokaba kifua, kama umetia jiki siku hiyo basi ndimu na siki acha kabisa. Bei yangu kwa fungu la nguo za shombo ni ileile ya nguo za kawaida, njooni asubuhi ili ziwahi jua.